Kupita Si Kufika: Umeme wa Sumaku na Pwani ya Bagamoyo

Katika mijadala yetu ya maendeleo limeingia jambo moja kwa kishindo: umeme usio na waya. Simu hulazwa juu ya kisahani ikajaa chaji. Gari huegeshwa juu ya bamba lililofukiwa sakafuni, na betri yake ikajaa bila mtu kushika kebo. Wanafunzi wangu huyazungumza haya kama habari za kesho, tena kesho ya watu wengine.

Makala hii inapinga mambo yote mawili. Kwanza, kanuni inayoendesha visahani hivyo ina umri wa karibu miaka 200, na imefanya kazi katika pwani yetu kwa zaidi ya karne moja. Pili, swali linalowakosesha wahandisi usingizi wanapobuni mitambo hiyo ndilo swali ambalo historia ya Bagamoyo imekuwa ikituuliza tangu enzi za misafara: nguvu inapopita karibu na mtu, ni nini kinachoifanya imfikie?

Kanuni yenyewe

Mwaka 1831, Michael Faraday alizungusha koili mbili za waya kwenye pete moja ya chuma jijini London. Koili hizo hazikuunganishwa. Alipowasha umeme katika koili ya kwanza, sindano ya kipimo kilichofungwa kwenye koili ya pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipouzima, ilishtuka tena, safari hii kuelekea upande mwingine. Faraday akatambua kwamba umeme unaotiririka bila kubadilika hauamshi chochote katika koili ya jirani. Kinachoamsha ni badiliko. Umeme unaopanda na kushuka huzaa sumaku inayopanda na kushuka, na sumaku hiyo, ikipenya katika koili nyingine, huzaa umeme mpya humo.

Hiyo ndiyo transfoma. Lile pipa la chuma lililotundikwa juu ya nguzo mtaani kwako lina koili mbili zisizogusana. Umeme ulioko kwenye nyaya kubwa hauingii nyumbani kwako hata kidogo. Unaishia katika koili ya kwanza, na ule unaowasha taa yako umezaliwa upya katika koili ya pili. Kwa hiyo kila mkazi wa Bagamoyo mwenye taa ya gridi ya taifa anatumia umeme uliovuka pengo kwa sumaku, na si mara moja tu: ulipanda kilovolti kwenye kituo cha kuzalisha, ukashuka kwenye kituo cha kupozea, ukashuka tena mtaani.

Reli ilipopita, na umeme ulipofuata

Sasa tuiangalie pwani. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililokamilika mwaka 1883 pale Forodhani, Unguja, linakumbukwa kuwa jengo la kwanza katika kisiwa hicho kuwashwa taa za umeme. Kutoka Bagamoyo hadi Unguja ni safari fupi ya jahazi. Lakini umeme ule ulikuwa pambo la utawala, na haukukusudiwa kuvuka mkondo wa bahari.

Bagamoyo wakati huo ilikuwa mlango wa bara. Pembe za ndovu na wapagazi kutoka Tabora na Ujiji waliteremkia hapo. Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bandari: Bagamoyo ina maji mafupi ambamo meli kubwa haziwezi kufika ufukweni, ilhali Dar es Salaam ina ghuba yenye kina. Uamuzi huo uliamua mengi yaliyofuata. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, si Bagamoyo. Na umeme wa kwanza wa umma katika Tanganyika, uliowekwa na Wajerumani mwaka 1908, uliwekwa Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wakoloni. Umeme ulifuata reli, reli ilifuata bandari, na Bagamoyo ikabaki kando ya njia.

Waingereza hawakubadili mantiki hiyo. Mwaka 1931 huduma ya umeme ilikabidhiwa kampuni mbili binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na maeneo yake, na TANESCO kwa upande wa Tanga. Katika miaka ya 1930 TANESCO ilijenga kituo cha maporomoko ya Pangani, na mteja aliyekusudiwa zaidi alikuwa shamba la mkonge. Mfanyakazi wa shamba hilo, aliyekuwa akikata mkonge kwa kipande cha siku 30, kadi iliyotiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku, hakuwamo katika hesabu za mzigo wa umeme. Mashine ya kusaga mkonge ndiyo iliyokuwamo.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilianza kuzinunua hisa za kampuni hizo, na mwaka huo huo kituo cha Hale chenye megawati 21 kikaanza kazi katika mto ule ule wa Pangani. Njia ya kilovolti 132 ikavutwa kutoka Hale hadi Dar es Salaam kupitia Chalinze, yaani kupitia katikati ya Wilaya ya Bagamoyo. Kwa mara nyingine mali ya thamani ikapita katika ardhi ya wilaya hiyo ikielekea kwingine.

Mwaka 1980 ukatandazwa waya wa chini ya bahari wa kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Fumba, Unguja. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Na katika miaka hii, umeme wa Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze kabla ya kugawanywa. Bagamoyo imerudi kuwa mlango, safari hii mlango wa umeme wa taifa.

Kwa nini waya unaopita haumwashii mtu taa

Mwanakijiji anayelima chini ya nguzo hizo huuliza swali la haki kabisa: umeme uko juu ya kichwa changu, mbona nyumbani kwangu ni giza? Mtumishi wa umma aliyechoka hujibu kwamba ule ni umeme mkubwa. Jibu hilo ni sahihi lakini halijakamilika. Jibu kamili ni kwamba umeme mkubwa haumnufaishi yeyote pasipo koili ya kuupokea. Nguvu ya njia ya kilovolti 400 ikishushwa kwa ajili ya vijiji kadhaa, panahitajika kituo cha kupozea chenye gharama kubwa, kisha njia za kati, kisha transfoma za mitaani. Wapangaji wakiweka fedha zote upande wa kutoa na kuusahau upande wa kupokea, wanakuwa wamenunua nusu ya transfoma.

Unguja ilijifunza somo hilo kwa machungu. Mwezi Mei 2008 hitilafu katika njia ile ya chini ya bahari iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 giza likarudi, likadumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, hoteli zikaishi kwa jenereta, na mwenye kibanda cha samaki akabaki na barafu iliyoyeyuka. Umeme ulikuwepo Ras Kiromoni muda wote huo. Ulikosa tu namna ya kufika ng'ambo.

Ndoto ya kuondoa waya

Je, hatungeweza kuuondoa waya kabisa? Swali hili ni la zamani. Nikola Tesla alianza kujenga mnara wake wa Wardenclyffe, karibu na New York, mwaka 1901, akinuia kusambaza ujumbe na hatimaye nguvu za umeme duniani kote pasipo nyaya. Mfadhili wake, J. P. Morgan, alikataa kuongeza fedha, na mnara ukabomolewa mwaka 1917.

Wengi husimulia kisa hicho kama hila ya matajiri dhidi ya mwanasayansi. Fedha zilikuwa na sehemu yake, lakini hata sheria za maumbile zilikuwa na neno. Mnara wa redio wa Wajerumani uliokuwa Dar es Salaam, ulioshambuliwa kwa mizinga na manowari ya Kiingereza Astraea tarehe 8 Agosti 1914, uliweza kupeleka habari mbali sana bila waya. Ujumbe wa redio unaweza kupoteza karibu nguvu zake zote njiani na bado ukasomeka. Mpokeaji anahitaji chembe tu. Nguvu za kuendesha mashine haziruhusu upotevu huo. Ukirusha nguvu pande zote, nyingi zitaishia hewani na mlipa bili atalipia upepo.

Kwa hiyo waliofanikiwa hawakufuata njia ya mnara. Walifuata njia ya jirani. Mwaka 1894 Wafaransa wawili, Maurice Hutin na Maurice Leblanc, walipata hataza Marekani ya kupeleka umeme kwa sumaku kutoka kwenye waya wa ardhini hadi kwenye gari la reli lililo juu yake. Karne moja baadaye, John Boys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliiendeleza kanuni hiyo hadi ikaingia viwandani. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwasha taa ya wati 60 iliyokuwa mita 2 kutoka kwenye koili ya kutoa, kwa ufanisi wa takriban asilimia 40. Dunia ilishangilia ile taa. Mhandisi aliitazama asilimia 60 iliyopotea.

Masharti ya ufanisi

Mimi si mhandisi, lakini masharti ya sakiti nzuri ya aina hii yanaweza kuelezwa kwa mtu yeyote mwenye subira.

Sharti la kwanza ni ukaribu na ulinganifu wa mkao. Katika transfoma ya nguzo, koili zote mbili zimezungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma, hivyo karibu sumaku yote ya koili ya kwanza huipenya ya pili. Ukitenganisha koili na kuacha hewa katikati, sehemu kubwa ya sumaku humwagika pembeni. Wahandisi hupima muunganiko huo kwa namba kati ya 0 na 1: transfoma nzuri hukaribia 1, wakati kisahani cha gari kinaweza kuwa na 0.2. Koili ikisogezwa kando, namba huporomoka.

Sharti la pili ni ubora wa koili zenyewe. Waya wenye ukinzani mkubwa hugeuza nguvu kuwa joto. Tena umeme unaobadilika kwa kasi kubwa hukimbilia ngozi ya waya na kuuacha moyo wake mtupu, kwa hiyo waya mmoja mnene hausaidii. Dawa yake ni kusokota pamoja nyuzi nyingi nyembamba, kila moja ikiwa na gamba lake la kuzuia umeme. Msokotaji wa kamba za kumbi pale Kaole angeielewa kazi hiyo mara moja: nguvu ya kamba iko katika wingi wa nyuzi.

Masharti haya mawili huzidishana. Chukua koili zenye ubora wa 100, kipimo kinacholinganisha nguvu inayozunguka ndani ya koili na ile inayopotea. Kwa muunganiko wa 0.2, ufanisi wa juu kabisa baina ya koili ni takriban asilimia 90. Punguza muunganiko hadi 0.02, koili zile zile, na ufanisi huanguka hadi kama asilimia 38. Hakuna hotuba itakayouinua. Ama usogeze koili karibu, ama uziboreshe.

Sharti la tatu ni kulinganisha masafa. Kila upande huongezewa kapasita ili koili ya kutoa na ya kupokea ziwe na masafa mamoja ya asili, kama mtu anayesukuma bembea kwa kufuata mwendo wake. Pasipo hivyo, chanzo hulazimika kusukuma umeme mwingi unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Masafa ya gridi yetu, hezi 50, ni madogo mno kwa mwanya wa hewa. Magari hutumia karibu kilohezi 85, na kadi za kugusisha hutumia megahezi 13.56.

Sharti la nne husahaulika mara nyingi: mzigo. Sakiti iliyopangwa kwa ajili ya betri tupu haiwi bora kwa betri iliyokaribia kujaa. Mbunifu mwenye busara huanza kwa kumuuliza mpokeaji atatumia nini, lini na kwa kiasi gani, ndipo arudi nyuma kukipanga chanzo. Historia niliyoisimulia hapo juu ilikwenda kinyume: ilianza na chanzo, ikaishia kwa mteja mkubwa, na mwanakijiji akaonekana kama upotevu wa pembeni.

Umeme huu tayari umo mfukoni

Kama unayo pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, unabeba mfano kamili wa teknolojia hii. Ndani yake mna chipu na koili nyembamba, lakini hamna betri. Chipu hiyo imelala miaka yote hadi afisa anapoilaza juu ya kisomeo. Sumaku ya kisomeo huamsha umeme katika koili, chipu huzinduka, hujieleza, kisha hulala tena. Kadi za nauli za kugusisha hufanya vivyo hivyo.

Hapa mwanahistoria hawezi kukikwepa kipande cha mkonge. Kile nacho kilikuwa kadi iliyopata maana pale tu ilipowekwa mbele ya mwenye mamlaka. Sisemi kwamba pasipoti ni kipande. Pasipoti inampa raia dunia, kipande kilimfunga shambani. Ninasema kwamba katika sakiti hizi nguvu yote hutoka upande wa msomaji, na msomaji ndiye huamua kadi iulizwe nini. Wananchi na wanaharakati wana haki ya kuuliza nani anabuni maswali hayo, na majibu yanahifadhiwa wapi. Suala hilo halipaswi kuachwa kwa mafundi peke yao.

Chumvi ya Mbegani

Nimalizie mahali ambapo teknolojia hii ingeweza kutufaa kweli. Adui mkubwa wa umeme wa pwani ni chumvi. Plagi ya shaba katika boti ya uvuvi huota kutu ya kijani, huachia mgusano hafifu, hupata joto, na siku moja huungua. Wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai na kutumia taa za betri, na mashine za boti zinazotumia umeme zinaanza kujadiliwa. Kila betri hiyo italazimika kuchajiwa ufukweni, katika mikono yenye maji ya bahari.

Koili iliyofunikwa kabisa kwa plastiki haina shaba iliyo wazi ya kuliwa na chumvi. Ndiyo sababu mswaki wa umeme wa bafuni huchajiwa kwa sumaku. Na ndiyo sababu Norway, nchi iliyosaidia kujenga chuo cha uvuvi cha Mbegani pale Bagamoyo, ilijaribu mwaka 2017 kuchaji kivuko kiitwacho Folgefonn kwa sumaku, kwa nguvu inayozidi megawati 1, chombo kikiwa gatini bila kebo kuguswa. Wanorway walianza na mahitaji ya kivuko chao: muda mfupi gatini, mawimbi yanayokitikisa chombo, barafu na chumvi.

Mbegani leo ni kampasi ya wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi. Dar es Salaam, mwendo mfupi kusini, ina vyuo vinavyofundisha uhandisi wa umeme. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kinachotakiwa si mradi wa mabilioni. Ni kundi dogo la wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi kukaa na wavuvi wa Bagamoyo, kupima betri zao, kuhesabu saa wanazokuwa ufukweni, kuona boti hutikisika kiasi gani inapofungwa, kisha kusokota koili zinazolingana na hali hiyo. Chaja ya namna hiyo itapoteza nguvu kidogo kuliko plagi mpya. Lakini iringanishwe na plagi iliyoliwa na chumvi, na na betri inayokufa mapema, kabla ya mtu kusema kwamba haina ufanisi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina ombi moja la kikazi. Mnapoandika taarifa za umeme, msiishie kwenye megawati zilizozalishwa Rufiji wala kilovolti zilizofika Chalinze. Pimeni kutoka kituo cha kuzalisha hadi kwenye taa, pampu na barafu ya mwananchi wa Zinga, Kiwangwa na Saadani. Hicho ndicho kipimo ambacho mhandisi wa sakiti hawezi kukikwepa, na wilaya ambayo mali za watu wengine zimekuwa zikipita tangu enzi za pembe za ndovu inastahili kupimwa nacho.